Siku Tuliyotangaza Kwamba Bwambale Amepatikana

Siku yangu ya kwanza Kasese niliripoti kazini miguu peku. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, njia ya kutoka stendi ilikuwa tope tupu, nami sikutaka mkubwa wangu mpya avione viatu vya serikali vimechafuka, kwa hiyo nilivishika mkononi. OC, yaani ofisa anayesimamia kituo, alinikagua kuanzia kofia hadi vidole vya miguu.

"Sajenti, hiyo ni sare ya wapi?"

"Ya mvua, afande."

Hakucheka. Aliniuliza kama najua Kiswahili. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa Arua, na Kiswahili tumekioga tangu utotoni. "Basi kaunta," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Nilikuwa nimeshatumika kaskazini miaka mingi kabla ya hapo, lakini kazi ninayotaka kuwasimulia nyinyi vijana mnaovaa sare leo ilianzia pale. Kaunta ni ile meza ndefu ya mbele ambapo raia analeta shida yake. Kasese ni mji wa magharibi mwa Uganda wenye lugha nyingi, na mtu akipungukiwa na Lhukonzo, Lutooro au Luganda, anaangukia kwenye Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimepinda huku na huko, lakini kilifika. Jina la kituo sitalitaja, wala majina ya wakubwa wangu. Wengine bado wako hai na wana wajukuu wanaosoma.

Mashtaka ya wizi na ugomvi niliyazoea upesi. Yaliyonichosha ni ya watu waliopotea. Mzazi anafika, anasema mtoto hajaonekana, na sisi tunamwambia arudi kesho kutwa. Ilikuwa desturi. Hakuna sheria iliyosema hivyo, lakini kila konstebo aliikuta pale na kuirithi. Kama aliyepotea ni kijana wa kiume, tulisema yuko kwa mwanamke. Kama ni msichana, tulisema yuko kwa mwanaume. Kama ni mzee, tulisema amelewa. Mara nyingi ilikuwa kweli, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwa maana OC wangu alihesabu zile mara ilipokuwa kweli na kuzisahau nyingine.

"Sajenti," aliniambia siku moja, "ukimwandikia kila mama anayelia, utatafuta watu mpaka ufe, na wao watakuwa wamekaa kwao wanakula ugali."

Raia walikuwa wamechoka nasi. Kwenye redio, kile kipindi cha asubuhi cha kupiga simu, walituita walinzi wa meza. Nilipokwenda sokoni kununua nyanya nikiwa na sare, wanawake walinyamaza hadi nipite. Nawaambieni, kunyamaziwa kunauma kuliko kutukanwa.

Baada ya muda nilihamishiwa kituo kidogo upande wa Bwera, karibu na barabara ya Mpondwe, nikiwa chini ya mpelelezi mkuu wa pale. Mpelelezi ni yule anayefuatilia kesi baada ya kaunta kuipokea. Huyu alikuwa mtu wa Busoga, msafi mno, mwenye leso ya kufutia kiti kabla ya kukaa. Mpondwe ndiko forodha ilipo, na siku za soko malori yanapanga foleni, mawakala wanakimbia na makaratasi, na wapagazi wanavusha magunia kwenda na kurudi Kongo. Mtu kupotea pale ni rahisi kuliko kupoteza sindano.

Huko ndiko nilikojuana na Mama Mbambu. Alikuwa mjane wa Kinyamaseke, muuza maharage, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Mwanawe Bwambale alikuwa mpagazi Mpondwe. Siku moja alitoka kwenda kubeba mizigo na hakurudi. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mama Mbambu alianza kuja kituoni kila siku ya soko, anashusha gunia lake mlangoni, anasimama mbele ya kaunta.

"Afande, mtoto yangu iko wapi?"

"Mama, bado tunatafuta."

"Mnatafuta wapi? Mimi nakuona hapa kila siku umekaa. Mtoto iko chini ya hiyo meza?"

Niliipenda ile hasira yake, hata ilipokuwa inanichoma. Na kusema kweli, tulikuwa tumetafuta. Mpelelezi alikuwa amepeleka jina kwa wenzetu wa ng'ambo zaidi ya mara moja, na kila mara walijibu kwa adabu kwamba hawana Bwambale yeyote, si seli, si hospitali. Tukaanza kunong'ona kwamba labda waasi wa porini wamemchukua. Mbele ya mama yake hatukusema.

Hapo inabidi niwaeleze jambo ambalo mtu wa Kasese hahitaji kuelezwa. Wakonzo, wenyeji wa milima hii, humpa mtoto jina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Bwambale. Si kwa familia moja, ni kwa familia zote. Ukisimama kwenye mgongo wowote wa mlima ukaita Bwambale, utaitikiwa na waliolala na walioamka. Sisi wageni tulilijua hilo kwa kusikia, lakini tulikuwa hatujaliweka akilini.

Sasa, asubuhi moja waendesha bodaboda walituletea kijana waliyemkuta kando ya barabara ana homa kali, hajui alipo. Tulipomuuliza jina alisema Bwambale, na zaidi ya hapo akawa anaweweseka. Mpelelezi alifurahi kama mtu aliyeuguza kidonda kikapona. Raia si wanasema hatufanyi kazi? Haya. Akapiga simu redioni, na habari ikasomwa kabla ya saa sita: polisi wamempata Bwambale aliyekuwa amepotea, mzazi wake afike kituoni. Konstebo Thembo, Mkonzo pekee tuliyekuwa naye, alikuwa likizo. Angekuwepo angeshika tumbo kwa kicheko, kisha angetuzuia.

Walianza kufika kabla hata tangazo halijarudiwa. Kwanza mwanaume na mkewe, kwa pikipiki. Kisha akina mama wawili. Kisha lori la mchanga likashusha watu. Kufikia mchana ua ulikuwa umejaa hadi kwenye ukuta wa choo, na kila mmoja alikuja kumchukua Bwambale wake. Mwanzoni nilidhani wamekuja kutazama. Baadaye nikaelewa. Wote hawa walikuwa na mtoto aliyepotea. Wote walikuwa wamewahi kufika kwenye kaunta fulani, wakaambiwa warudi kesho kutwa, wakarudi nyumbani wakakaa kimya.

Mama Mbambu aliwapenya wote. Alikuwa amekimbia, kanga imemvuka bega, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sitaki kuiona tena kwa namna ile. Nilimshika mkono nikamwingiza chumba alimolazwa yule kijana. Alimtazama. Akamfunika vizuri miguu, kwa sababu blanketi lilikuwa limesogea, kisha akanigeukia.

"Huyu si yangu."

"Pole, mama."

"Mimi siulizi pole. Mumeniita kwa redio. Yangu iko wapi?"

Sauti yake ilitoka dirishani, na ua ukawaka. Wanaume walifunga lango kwa magogo. Mmoja alipiga kelele kwamba tunawachezea, mwingine akasema tuchomwe na hicho kituo chetu. Mpelelezi alitoa leso, akajipangusa shingo, akamwita DPC, yaani kamanda wa polisi wa wilaya. Tuliomba magari ya kutuliza ghasia.

DPC alifika na gari moja tu, yeye na dereva. Alikuwa mwanaume mrefu, mpole wa sauti, mcha Mungu, na sisi wa chini tulizoea kumteta kwamba angefaa kuwa mchungaji. Namshukuru Mungu kwamba siku ile alikuwa yeye. Aliruka magogo ya langoni kwa miguu yake mirefu, akautazama ule umati, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Sajenti, hawa wote wamepotelewa?"

"Ndiyo, afande."

"Tunazo habari zao?"

"Za wachache, afande. Wengine tuliwaambia wasubiri."

Alivua kofia. "Leteni viti."

"Viko vitatu, afande."

"Basi wape wazee. Sisi tukae chini." Na akakaa, kwenye saruji ya baraza, na suruali yake iliyopigwa pasi. Akawaambia watu kwa Kiswahili cha jeshi, maneno mafupi, kwamba wana haki ya kukasirika, kwamba leo hakuna atakayeondoka bila kusikilizwa, na kwamba anayetaka kumtukana aanze na yeye. Mzee mmoja alikubali mwaliko huo kwa dhati. DPC alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwomba aketi.

Tukaanza kusikiliza. Siyo jina, jina lilikuwa limeshatushinda. Bwambale wa nani? Wa mgongo gani wa mlima? Ana alama gani? Akicheka yukoje? Nyumbani wanamtaniaje? Tulikaa hivyo jua likatuzunguka, na mpelelezi wetu naye alikaa chini, bila leso. Mwanaume wa Ibanda alisema wake ana kovu la panga kwenye kisigino, alilolipata akikata majani ya mbuzi. Tukamwingiza ndani. Alipotoka alikuwa analia na kucheka, na hata waliokuwa wamebeba mawe walimpigia makofi. Yule mgonjwa alikuwa amepata baba.

Karibu na ukuta alikuwa amesimama mwanamke mwingine, kimya, na rozari shingoni. Hakuwa raia wa Uganda. Wengi walimjua, Mama Kavira, muuza vitenge kutoka Butembo, Kongo, na wakashangaa amefuata nini. Nilimwita.

"Mama, nawe una Bwambale?"

"Hapana, afande. Miye niko na Kambale, mutoto ya dada yangu. Alitoka nyumbani kuenda ku shamba, toka ile siku hatumuone."

"Lakini tumetangaza Bwambale."

Alinitazama kwa huruma kidogo. "Ni jina moja. Batu ya Uganda banasemaka Bwambale. Siye kule tunasemaka Kambale. Nilisikia redio, nikawaza, pengine ni wetu, njo balimuandika na jina ya huku."

Mama Mbambu alikuwa nyuma yangu. Nadhani tulifikiri neno lile lile kwa wakati mmoja. Miezi yote ile tulikuwa tunawauliza watu wa ng'ambo kama wana Bwambale, nao walitujibu ukweli mtupu. Hawana. Mtu yeyote akivuka mpaka ule akasema anaitwa Bwambale, mwandishi wa kule anaandika Kambale bila hata kufikiri, kama mimi ninavyoandika Yohana nikisikia Yoane. Wakonzo wenyewe wanajua hivyo tangu kuzaliwa, na kwa sababu wanajua, hakuna aliyeona haja ya kutuambia.

DPC alipiga simu ng'ambo palepale, mbele ya watu wote. Hakusema Bwambale. Aliuliza kuhusu Kambale, kijana, mpagazi, pengo la jino la mbele, anayecheka amefunika mdomo, kama Mama Mbambu alivyotueleza. Tulisubiri. Simu iliporudi, alisikiliza, kisha akampa Mama Mbambu simu.

Mwanawe alikuwa katika hospitali ya masista, ng'ambo. Alikuwa amepanda lori kwenda kushusha mzigo, lori likapinduka, akavunjika mguu na kupigwa kichwa, na simu ikapotelea huko huko. Alipopata fahamu alimtuma kila mfanyabiashara aliyepita amsalimie mama yake wa Kinyamaseke. Salamu hazikufika. Mama Mbambu alishika simu kwa mikono miwili, akaita jina la mwanawe kwa ile sauti ya kuvuka bonde. Nililia mbele ya raia, na sikuona aibu.

Tangu siku ile DPC alifuta ile kesho kutwa katika wilaya nzima. Anayepotelewa anasikilizwa siku hiyo hiyo, na jina linapelekwa ng'ambo kwa sura zote mbili. Hatukuwapata wote, msidanganyike. Lakini tulipata wengi kuliko zamani, na nikipita sokoni wanawake walinizomea, wakanitania, wakanipunja nyanya, na mimi nikafurahi.

Nilistaafu nikiwa huku huku, nikajenga chumba na sebule karibu na Mpondwe, Arua naenda Krismasi. Mkiniuliza ninamshukuru nani katika kazi yangu, nitamtaja DPC yule, na nitawataja waliofunga lango kwa magogo. Mtu anayekuja kukufokea kaunta bado anaamini unaweza kumsaidia. Msimchoke. Waliokaa kimya nyumbani ndio niliowaogopa, na hata leo huwa nawafikiria.

Kambale wa Mama Kavira hakupatikana. Tulitafuta kwa majina yote mawili, pande zote mbili, mpaka nikavua sare. Yeye bado anavuka na vitenge vyake, na mzigo wake haubebwi na mtu mwingine isipokuwa mtoto wa Mama Mbambu, anayechechemea kidogo, na hakubali kulipwa. Siku za soko nakaa barazani kwangu nawaona wakipita. Mama Kavira anatangulia, kijana anachelewa na furushi kichwani, na yule mama anageuka kumwita. Hamwiti Bwambale. Anamwita Kambale, naye anaitika.