Rubisi Kwenye Mwamba

Mwamba uko nyuma ya kibanja chetu, Izigo, na una michoro myekundu ambayo hakuna anayejua nani aliichora. Shemeji alitaka kuuvunja apate kokoto za msingi wa nyumba. Simlaumu: ardhi ni yake, na watoto wake wanalala wamebanana. Asiyetaka alikuwa mama mkwe wangu. "Utavunja nikishakufa," alimwambia.

Ndipo wakaja watafiti, dada mmoja na kaka mmoja. Walitaka kukwangua unga kidogo wa rangi wakaupime vinasaba, wajue ilichanganywa na nini: damu, maziwa au majani. Nilivyoelewa mimi niliyeishia darasa la saba, kilichowahi kuwa hai huacha alama yake hata kikikauka. Shemeji akakubali kungoja. "Wakikuta kitu, nauacha. Wasipokuta, navunja."

Asubuhi ya kazi yao Mama, yaani mama mkwe, alitandaza nyasi mpya sebuleni, kama tunavyofanya wageni wakija. Kisha, bila kumwambia mtu, akaenda kuunyunyizia mwamba rubisi, pombe yetu ya ndizi na mtama, wazee wa zamani wajue kuna wageni.

Yule dada alinusa kabla hajavaa glovu. "Mama, nani amemwaga pombe hapa?"

"Mimi, mwanangu. Utaingiaje kwa watu bila hodi?"

Shemeji alicheka mpaka akashika kiuno. "Sasa mtapima ulevi!"

Nilidhani mambo yameisha. Dada hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Aliomba rubisi kidogo kwenye kichupa, akampitishia Mama pamba ndani ya shavu, ili vinasaba vya kwetu vijulikane na kutengwa. Halafu akauliza kama kuna mchoro ambao mkono wa Mama haukuufikia. Ulikuwepo, juu kabisa, chini ya ukingo. Ngazi aliileta shemeji mwenyewe.

Jibu lilikuja kwa simu, mvua zimeshaanza. Chini ni ndizi na mtama tu. Juu hakuna ndizi. Kuna chembe za ng'ombe, huenda za rangi yenyewe, huenda za mifugo iliyopita pale. Hawana uhakika, wanataka kurudi. Naandika hivyo hivyo, nisije nikaongeza langu.

"Ng'ombe?" shemeji aliuliza mara ya pili, taratibu.

Jioni nilimsikia akigonga jiwe lingine, la kule bondeni, ambako kila ndoo ya kokoto lazima ipandishwe kichwani.

"Wakirudi," alimwambia mama yake, "hodi nitapiga mimi. Kwa mdomo."