Mdomo Uliojaa Petroli

Jamani, leo nimeumwagia mpunga wa Mama maji ya chumvi. Kwa mikono yangu mwenyewe.

Mashine ya kuvuta maji ilikuwa inakohoa tangu asubuhi. Ukifunga choki inanguruma, ukifungua inazima.

Nikabadilisha plagi. Wapi!

Nikafungua kabureta. Kile kitundu chembamba cha kupitishia petroli kilikuwa kimeziba. Nikaweka mdomo hapo nikapuliza, nikapuliza, mpaka kikazibuka. Na petroli nikaimeza kidogo, ndiyo.

Nikavuta kamba mara moja tu, ikawaka. Mlio safi! Nilicheza peke yangu pale ukingoni mwa mto.

Sasa, wa huku Ozi mnajua. Bahari ikijaa, chumvi inapanda mtoni mpaka mashambani kwetu. Hatuvuti maji kabla ya kuonja. Mama alinifundisha hivyo tangu utotoni.

Na nilionja, wallahi. Nikachota kwa kiganja, nikaonja. Ladha ni petroli tupu. Nikajiambia maji ni matamu, nikafungulia.

Mama akaja kuniletea chai. Akachovya kidole mferejini, akalamba.

"Mwanangu, hukuonja?"

"Nilionja, Mama."

Akaenda kuizima mashine mwenyewe, kisha akainama kwenye mpunga, akawa anashikashika majani.

Mpaka saa hii hajanisemesha.

Anayejua jinsi ya kuokoa mpunga ulionyweshwa chumvi, aniambie. Na anayejua nimwambieje Mama kwamba sikumdanganya, huyo aanze yeye.