Hatuna Neno, Alhamdulillahi

Kwetu Kibokoni, Mombasa, mgeni haelezwi shida. Akikuuliza habari za nyumbani unajibu njema, hata kama asubuhi hiyo umetoka makaburini. Msiba utausema baadaye, taratibu, tena kwa mtu wa ndani. Nimelelewa na adabu hiyo, na siku hizi nikiifikiria nakunja uso.

Wageni ninaotaka kuwasimulia walikuwa watu wa miji ya bandari. Miji yao, mingine ya Ulaya, mingine ya ng'ambo ya bahari yetu hii, ilikuwa imeshikana na Mombasa ili isaidiane katika yale yanayoisumbua yote: vijana wasio na kazi, makuli waliopokonywa riziki na mashine, nyumba za kale zinazobomoka. Mji mmoja ulikuwa umewafundisha makuli wake kutengeneza kreni badala ya kuwaacha wakae vibarazani, na sasa ulikuwa tayari kuwafundisha watu wetu kazi hiyo hiyo, huku wakilipwa. Lakini ungeanza na mtaa mmoja tu. Wageni wangepita mitaani, waingie majumbani, wasikilize, kisha waamue. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, nikaombwa niwe mkalimani wao.

Nilikubali kwa ajili ya kaka yangu, sina haja ya kuficha. Alikuwa karani katika yadi ya makontena, nje ya kisiwa. Mizigo ilipoanza kupakiwa kwenye treni pale pale gatini na kupelekwa bara, yadi ikakosa kazi, ikafungwa. Kaka akahamia kwa mama pamoja na mkewe na watoto. Haukupita muda, mkewe akachukuliwa na wazazi wake, akarudi kwao mtaa wa Kuze na watoto. Babake mke alisema hamrudishi mpaka mume apate kazi, na kama hakuna kazi basi atoe talaka. Kaka anampenda mkewe. Jioni alikuwa akienda Kuze kuwaona watoto, akisimama nao mlangoni, maana aliona haya kuingia.

Basi nilimwambia mama waziwazi: wageni wakija hapa waeleze yote, usifiche hata moja, kazi ikija mtaani kwetu mke wa kaka atarudi. Mama akaitikia, "Haya, mwanangu." Nikaondoka nimetulia. Nimeishi naye maisha yangu yote, na bado nikatulia. Mtu akilitaka jambo sana huwa mjinga.

Siku ya siku niliingia na wageni nikakuta chumba sikitambui. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa. Jirani mmoja alitoa zulia lake, mwingine vikombe. Mezani palikuwa na sambusa, kaimati, mahamri na sahani ya halua, na udi ulikuwa ukifuka pembeni. Kaka alivishwa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kudarizi kwa mkono. Ungemwona ungedhani ana duka la dhahabu. Watu wamekuja kuona dhiki, na mtaa mzima umeshirikiana kuificha! Nilitamani kuipindua ile meza.

Mkuu wa wageni, Mzungu mpole aliyekuwa akitokwa na jasho, aliuliza kupitia kwangu nyumba hii imepata matatizo gani tangu kazi za bandarini zipungue.

"Waambie hatuna neno, alhamdulillahi," mama akasema. "Nao wale, wasione haya."

"Mama," nikasema huku nikitabasamu kwa ajili ya wageni, "waeleze habari ya kazi."

"Twamshukuru Mngu. Wambie vivyo hivyo."

Mgeni akauliza kama kaka ameoa, na mkewe yuko wapi.

"Amekwenda kwao kuwaamkia wazee," mama akajibu. "Yuaja sasa hivi."

Kaka aliinamisha kichwa. Nilimtazama nikimwomba kwa macho aseme mwenyewe, lakini angefungua kinywa angemfanya mama mwongo mbele ya watu, na hilo asingeliweza. Nikafasiri nilivyoambiwa. Kisha nikaongeza, kwa Kiingereza, kwamba kwetu "hatuna neno" ni heshima tu, si jibu. Yule mkuu alinisikiliza vizuri. Akaniambia hawezi kuandika jambo ambalo wenye nyumba wamelikana.

Tulipotoka, mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka mji wa bandari ulio upande wa pili wa bahari yetu, alinishika mkono kichochoroni. Akasema mamake angejibu vile vile, na vikombe angeviazima vile vile. Nilimwuliza kama atalisema hilo katika mkutano wao. Alilisema, nami nilikuwapo nikifasiri. Walimsikiliza kwa heshima, wakaendelea na lililofuata.

Kazi ilikwenda mtaa wa Majengo. Kule mwanamke mmoja alisimama mbele yetu, akafunua sufuria yake na kuwaonyesha wageni kwamba hamna kitu ndani. Majengo walistahili, na sitamruhusu mtu aseme vingine. Lakini niliwaonea wivu, wivu mchungu, na nilipokwenda kumwambia kaka sikuweza kumtazama usoni.

Hakugomba. Alimwambia mama, "Si kitu, mama," akatoka. Afadhali angegomba. Mama aliiweka tasbihi yake kando, akainuka, akavaa buibui, akaniambia nimpeleke Kuze.

Katika nyumba ile ya wakwe hatukuwa na desturi ya kukaa sebuleni. Tulikuwa tukipiga hodi na kupita moja kwa moja hadi uani, mama akishika kisu na kukata vitunguu pamoja na wenyewe kabla hajaulizwa hali. Safari hii babake mke wa kaka alitufungulia mwenyewe na kutuonyesha viti vya sebuleni. Kahawa ikaja, na tende kwenye kisahani. Akauliza habari za nyumbani. Mama akasema njema.

Mke wa mzee huyo alikuwa amesimama mlangoni. Akageuka akawaita watoto wa kaka.

"Ndooni, wanangu, ndooni muwaamkie wageni."

Wakaja. Yule mkubwa aliubusu mkono wa mama, akataka kukimbia, lakini mama hakumwachia.

"Mimi si mgeni," akasema. Alikuwa akimwambia mtoto, ila alimtazama mwenye nyumba. "Mimi ni bibi yao hawa. Mwanangu hana kazi, nyumbani kwangu hamna kitu, nami nimekuja kukuomba usimvunjie nyumba yake. Nina shida, bwana. Nina shida kubwa."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu yeyote, na machozi yalinitoka. Mzee hakukasirika, wala hakutuvunjia heshima. Alikiinua kikombe cha mama kwa mkono wa kulia, kama afanyiwavyo mgeni, akamsogezea karibu.

"Kunywa kahawa, bi mkubwa," akasema. "Inapoa."