Mnazi Juu ya Kitovu

Kitovu cha binti wa kaka yangu kilikaa miezi saba kwenye droo ya mama, Wheaton, huku ughaibuni. Kilikuwa kimekauka kama kokwa ya tende, kimeviringishwa kwenye pamba ndani ya kopo la mafuta ya mgando. Kwetu Tanga kitovu cha mtoto huzikwa na juu yake hupandwa mnazi, ili akikua awe na mahali pa kunyoosha kidole na kusema, pale. Mama aliishi ghorofa ya tatu.

"Nikizike wapi?" aliniuliza. "Chini ya zulia?"

Kwa hiyo alifurahi kaka alipohamia Florida, kwenye kaunti moja ya pwani iliyokuwa ikimea nyumba kama uyoga. Kaka ni fundi wa mapaa, na huko mapaa yalikuwa hayaishi. Akapata nyumba yenye ua. Tulikwenda kwa gari siku mbili, mimi nikiendesha, mama kapakata kopo lake.

Tuliposhuka alisimama tu. Hewa ilikuwa nzito, ina chumvi, nguo zikitunata mgongoni. Miaka kumi na moja ya kazi ya kuwageuza wazee wa watu vitandani niliiona ikimteremka mabegani.

Mche tuliununua kando ya barabara. Muuzaji alinionya kwamba minazi ni ya kusini zaidi. Hapa, alisema, baridi ya kugandisha huja siku mbili tatu kwa mwaka. Nikamtafsiria mama. Akacheka.

"Mwambie tunatoka Wheaton, tunakwangua barafu kwenye vioo vya gari. Yeye ndiye wa kunifundisha baridi?"

Kaka akachimba, mama akalaza kopo, akasoma dua, akausimamisha mche juu yake. Wifi yangu, mtoto begani, akamuuliza, "Na wewe mama, unahamia lini?"

"Mnazi ukinipita kimo."

Tangu hapo kila Jumapili alipiga simu, akaulizia mnazi kwanza, mtoto baadaye. Sebuleni kwake Wheaton, theluji ikijaa dirishani, aliangalia hali ya hewa ya kaunti ile kama mtu anayefuatilia mgonjwa.

Januari baridi ikashuka kule asubuhi tatu mfululizo. Kaka aliufunika mnazi kwa blanketi la mtoto. Haikusaidia. Makuti yakageuka rangi ya chai, na alipovuta chipukizi la katikati likatoka mkononi, limeoza, linanuka. Akanipigia mimi.

"Mwambie mama," nikasema.

"Mwambie wewe. Si wewe ndiye mwandishi?"

Nami nikaandika, kwa namna yangu. Nilimwambia mama kwamba mnazi umetoa kuti jipya. Wiki iliyofuata nikamwambia limefunguka. Sikujua alikuwa ananisikiliza kwa mikono, mpaka nilipomkuta anafunga masufuria kwenye maboksi ili ahamie kwa kaka, bila kungoja mnazi umpite kimo. Alikuwa ameshawaaga kazini. Hata hapo sikusema.

Kisha ujenzi ukasimama. Mitaa mizima ikabaki misingi na nguzo za taa. Kaka akakosa kazi, nyumba ikachukuliwa na benki, na mwezi Mei wakarudi, masanduku manne na mtoto, wakafikia kwa mama kabla ya kutafuta chumba Laurel, mji wa jirani.

Mama aliwafungulia mlango, mimi nikiwa nyuma yake. Hakuuliza habari za safari.

"Mnazi mmemwachia nani?"

Kaka akanitazama. Wifi akatazama viatu vyake. Basi nikasema yote, pale mlangoni, kwa sentensi fupi ambazo sikuzipamba: kwamba ulikufa Januari, kwamba hakukuwa na kuti jipya wala lililofunguka.

Mama aliketi juu ya boksi.

"Kwa hiyo kitovu kiko peke yake," alisema. "Kwenye ua wa watu."

Mtoto alikuwa akitambaa kati ya maboksi, akiyapigapiga moja baada ya jingine. Nikapiga magoti, nikaanza kutoa masufuria na kuyarudisha kabatini. Mama hakunizuia, wala hakunisaidia.