Nilivyohamia kwenye vitunguu Mang'ola kumkwepa mke wangu baada ya kupasuliwa kansa

Wakuu, habari za saa hizi.

Hii siyo chai, ni yangu mwenyewe, na mama watoto kaisoma kabla sijaposti.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni nilikuwa mnunuzi wa vitunguu. Naishi Karatu mjini, nanunua Mang'ola, napakia lori kwenda Arusha. Mimi Mchaga wa Rombo, nimeoa Mwiraqw wa hapahapa. Maisha safi.

Nikaanza kuona damu chooni. Nikajidanganya ni bawasiri, nikanywa kila mzizi niliotajiwa. Mwisho hospitali ya rufaa, majibu yakaja: kansa, mwisho kabisa wa utumbo mpana.

Siku hizi nasikia huko majuu roboti ndiyo inashika kisu. Mimi nilipasuliwa kwa mikono ya binadamu, na namshukuru Mungu kwa mikono ile. Kansa ilitoka yote.

Sasa kilichofuata ndiyo uzi wenyewe.

Kwanza mkojo, haukushikika. Ukibisha hodi, tayari umeshaingia. Pili, jogoo hakuwika. Nikangoja mwezi, miwili, mitano. Kimya.

Kila kliniki daktari ananiuliza kama kuna shida nyingine, nami najibu hakuna. Kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, nimwambie nini?

Nyumbani nikaanza visingizio. Vilipoisha nikahamia Mang'ola. Msimu wa mavuno lazima mtu alinde mzigo shambani, basi nikajiajiri mlinzi wa vitunguu vyangu mwenyewe. Nakaa kibandani wiki nzima, Karatu naenda siku moja, tena mchana.

Watu wakaanza kusema nina nyumba ndogo Mang'ola.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga: sikukanusha. Wenzangu wakinitania nacheka kiaina. Niliona afadhali niitwe malaya kuliko hanithi. Sisi wanaume tuna vichwa vya ajabu.

Uvumi ukamfikia mama Neema, mke wangu. Asubuhi moja lori likasimama karibu na shamba, akashuka kavaa raba. Ukimwona na raba ujue hajaja kusalimia.

Akauliza huyo mwanamke yuko wapi. Nikamwambia hayupo. Akaingia kibandani, akatoka, akazunguka nyuma. Kule akakuta suruali zangu tano kwenye kamba, bado mbichi.

"Nani anakufulia?"

"Nafua mwenyewe. Kila siku."

Akakaa juu ya gunia. Nikamweleza yote, na nililia wakuu, sifichi. Aibu ilikuwa imenitafuna karibu mwaka.

Akaniambia, "Baba Neema, mimi kule hospitali nilishaanza kuzoea ujane. Mungu kanirudishia mume, mume kaenda kuishi na vitunguu."

Nilipanda lori lilelile nikarudi naye.

Kliniki iliyofuata tukaenda wote. Yeye ndiye aliyeuliza, bila kupepesa macho. Daktari akaeleza kwamba mishipa ya fahamu ya kibofu na ya tendo inapita jirani na pale walipokata, inaweza kuguswa hata kazi ikifanywa vizuri. Akanipangia kwenda kukojoa kwa saa, hata kama sijabanwa, na mazoezi ya kubana misuli. Hilo la pili akanipa vidonge, akasema linaweza kurudi lote, au kidogo, au lisirudi.

Mkojo ulitii baada ya miezi kadhaa. Lile jingine lilirudi nusu. Kuna siku linaitika, kuna siku halijibu. Mwanzoni iliniuma sana. Siku hizi lisipoitika tunapiga stori mpaka mmoja asinzie, na mara nyingi ni mimi.

Ushauri wangu: ukiambiwa unapasuliwa maeneo hayo, uliza kabla ya kisu, mkojo na ndoa vitakuwaje. Nenda na mwenzi wako, hasa kama ana mdomo kukuzidi.

Mliopitia haya mwageni hapa, kina mama pia, maana nasikia na ninyi yanawapata. Msiogope swali lolote. Langu nililikalia karibu mwaka, nusura nipoteze mke, na lilijibiwa kwa dakika kumi.