Mayungiyungi ya Shimo la Zamani

Hata leo, harufu ya udongo mweusi uliolowa mvua ya kwanza ikinifikia, mwili hunisisimka. Wajukuu wangu husema inanukia vizuri. Nawaacha waseme.

Kwetu, upande wa Geita, kulikuwa na dimbwi lililokuja na mvua na kuondoka na kiangazi. Chini yake palikuwa na shimo la dhahabu la zamani, lililoporomoka na kumfukia mtu. Hakutolewa. Hilo kila mtoto alilijua, ila jina lake hakuna aliyetutajia. Kiangazi chote palikuwa udongo mkavu uliopasukapasuka. Mvua zikianza, yalitangulia majani madogo yaliyogawanyika manne manne, yakaelea. Yakafuata mayungiyungi meupe, na ndago ukingoni. Bibi, mama yake baba, alisema mizizi ile inashuka hadi kwa yule mtu, na kwa mizizi ile anasikia.

Basi kila mvua alinipeleka, mimi peke yangu, nikamwamkie na kumweleza habari za nyumbani. Binamu zangu walibaki wakicheza. Nilinuna: kwa nini mimi tu? Baba yangu mwenyewe, nilivyoambiwa, alikuwa manamba kwenye mkonge huko Tanga, na sikuwa na wa kumlalamikia.

Mwaka mmoja Mzungu wa bustani ya mimea, kule kwenye mgodi mpya wa Wazungu, akaja na vibarua, ndoo na makoleo. Alitaka mimea yote pamoja na matope yake, aitie kwenye dimbwi alilochimba bustanini. Bibi akang'ang'ania mpini wa koleo.

"Bwana, chukua maua, mizizi niachie. Ukiing'oa, atatusikiaje?"

Nyapara hakutafsiri. Alicheka tu, akambandua mkono mpinini, na vibarua wakachimba mpaka yakabaki maji mekundu matupu. Bibi alilia bila sauti, mdomo wazi. Sijapata kumwona mtu mzima akilia vile.

Mvua zilizofuata hapakuota kitu. Bibi akanishika mkono, tukaenda kusimama kwenye uzio wa bustani. Mimea yetu ilikuwa imestawi mle ndani kuliko zamani.

"Haya, mwamkie," akasema.

"Shikamoo. Nimekula ugali na mlenda. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa."

Upepo haukuwapo. Yungiyungi moja likazama, likakaa chini ya maji, kisha likaibuka likidondosha matone. Nilipiga yowe nikatimua mbio. Nyuma yangu nilimsikia Bibi akishangilia: "Amekuja! Ametufuata!"

Sikukubali kwenda tena. Bibi hakunilazimisha, alikwenda peke yake kila mvua, mpaka alipofariki.

Siku ng'ombe wa mahari yangu walipofika, nilimuuliza mama kama baba atarudi kutoka Tanga kuwapokea. Akaniambia baba hakupata kufika Tanga. Aliingia shimoni nikiwa bado tumboni.

Nilikaa chini pale pale zizini. Miaka yote ile alinisikiliza, nami sikumwita baba hata mara moja.