Farasi wa Enesi Anayekwenda kwa Mkono

Saa tatu asubuhi, siku ya gulio la Ihanda, Enesi Simbeye ameshika mpini wa chuma kwa mikono miwili na anasubiri mtoto wa kwanza ajitokeze. Mbele yake amesimama farasi mwekundu wa plastiki, macho yamemtoka kama abiria aliyeulizwa nauli katikati ya safari.

"Huyo naye anauzwa kwa kilo?" anauliza mama anayepanga maparachichi pembeni.

"Anapandwa. Mia mbili."

"Anakwenda wapi?"

"Anakwenda mbele na kurudi nyuma, mama. Haendi mbali."

Ni wale farasi wa kutumbukiza sarafu wanaowekwa vibarazani mwa maduka ya mjini. Mtoto anapanda, sarafu inaingia, mnyama anayumba huku akiimba. Huyu wa Enesi hana mota wala waya, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kutoka hivyo hadharani.

Asipopata wateja leo, keshokutwa Jumatatu Rabson, mnunuzi wa chuma chakavu wa Tunduma, atakuja na mizani yake. Bei wameshaelewana: shilingi elfu arobaini, farasi na kwato zake zote. Na Enesi, mwenye umri wa miaka 46, atarudia kazi aliyoiacha, ya kubeba mizigo ya watu kichwani kati ya Tunduma na Nakonde, upande wa Zambia. Goti lake la kushoto limeshaikataa kazi hiyo.

"Halikunipa hata notisi," anasema. "Nilikuwa na ndoo ya mafuta ya kula kichwani. Goti likaketi, nami nikalifuata."

Akiba ya miaka sita ya kubeba ndoo ndiyo iliyomnunua farasi huyo, kwa mfanyabiashara wa Nakonde aitwaye Brenda aliyekuwa akifunga duka lake. "Bamayo," Brenda alimwambia, akimwita mama kwa Kibemba, "huyu hali chochote, wala haumwi." Hakusema kwamba mnyama huyo alilelewa kwa hela ya kwao. Tundu lake lilimeza sarafu ya kwacha moja tu. Ukimpa shilingi, aliitema mpaka barabarani.

Enesi hakurudi kulalamika. Alitafuta sarafu kumi za kwacha akaanza kuziazima. Mzazi anatoa mia mbili, mtoto anapewa kwacha, anaitumbukiza, Enesi anafungua kisanduku na kumkabidhi anayefuata. Kwa miaka mitatu sarafu hizo kumi zilisafiri zaidi kuliko malori ya shaba, na hazikuwahi kulala foleni mpakani. Moja tu ilipotea njia: mtoto aliificha mdomoni, Jumapili akaitoa sadaka, na mweka hazina wa usharika akamfuata Enesi kuuliza kama farasi naye ameokoka.

Siku nzuri aliingiza shilingi elfu kumi na mbili, na kibaraza cha duka alipomweka farasi, mjini Tunduma, alikilipia elfu thelathini kwa mwezi. Kwa fedha hizo binti yake, Tumpale, alimaliza kidato cha nne.

Kisha jirani akafungua karakana ya kuchomelea. Kila alipowasha mashine, umeme ulizama na kuibuka kama mtu anayejifunza kuogelea. Alasiri moja farasi aliimba wimbo wake wa Kichina kwa sauti ya mzee mwenye mafua, akatoa moshi masikioni, akanyamaza. Wiki haikuisha, mwenye duka akataka kibaraza chake apange saruji.

Rabson alifika kabla moshi haujakwisha.

"Mama Tumpale, mnyama asiyekula majani wala umeme ni chuma tu," alisema.

"Nipe wiki tatu."

"Za matanga?"

"Za matibabu."

Enesi akampakia mgonjwa kwenye bajaji ya mizigo mpaka Ihanda, kwa mjomba wake, mzee Mbonile, mkulima wa kahawa. Ghalani kwa mzee kulikuwa na mashine ya mkono ya kumenyea kahawa mbivu, yenye gurudumu zito na mpini wake. Ilikuwa imelala tangu wakulima waanze kupeleka kahawa yao kumenywa kwenye mashine kubwa ya chama cha msingi cha ushirika. Mzee aliing'oa mota iliyoungua, akafunga gurudumu mahali pake, kisha akampandisha farasi gunia la mahindi, liwe mtoto wa majaribio.

Kosa likatokea hapo. Mkono wa Mbonile umemenya kahawa miaka arobaini, na una mwendo mmoja tu, wa msimu wa mavuno mvua ikiwa inanukia. Aliposhika mpini akazungusha vilevile. Farasi alirusha mateke ya mbele na ya nyuma, na gunia likapaa. Majirani wanaapa kwamba lilivuka mpaka na kurudi bila kugongewa muhuri.

"Mjomba, unamenya kahawa au unabembeleza mtoto?"

"Mkono ndivyo unavyojua, mpwa wangu."

"Basi kuanzia leo usiushike huo mpini. Hata nikiwa nakunywa chai."

Wiki mbili Enesi alifanya mazoezi nyuma ya ghala, akizungusha kwa kufuata wimbo wa kanisani ili mkono usikimbie. Wimbo wenyewe una beti tatu. Zikiisha, safari imeisha.

Sasa, hapa gulioni, bibi mmoja anakuja na mjukuu wake, Gwantwa, mwenye miaka minne. Mtoto anapewa kwacha na kuitumbukiza. Enesi anazungusha mpini huku wimbo ukipita moyoni, na farasi anayumba taratibu. Gwantwa anakunja uso.

"Bibi, mbona haimbi?"

"Wa mjini wanaimba," bibi anamgeukia Enesi. "Mia mbili yangu ni ya farasi anayeimba."

Enesi hakujiandaa kwa hilo. Anafumbua mdomo na kuutoa wimbo nje. Ubeti wa pili muuza maparachichi anaudaka kwa sauti ya tatu. Gwantwa anacheka, na watoto waliokuwa wakichungulia nyuma ya magunia ya vitunguu wanawavuta wazazi wao.

Saa saba foleni imepita wauza dagaa. Wazazi nao wameshageuka wakaguzi.

"Mama Tumpale, umeruka ubeti."

"Sijauruka. Nimeuimba ulipokuwa unabishana bei ya vitumbua."

"Mtoto hakuusikia."

Enesi anaurudia. Mabega yanamuuma, lakini mpini hauachi. Mtoto anayeogopa anamwendesha polepole, na anayejidai anamtikisa kidogo. "Mota iliwatikisa wote sawasawa," anasema. "Haikuwa na macho."

Alasiri Rabson anapita akisukuma mkokoteni wake wa chuma. Anaitazama foleni mpaka mwisho.

"Jumatatu iko palepale?"

"Jumatatu nina gulio Nanyala."

"Tulielewana, mama."

"Tulielewana kama amekufa. Muulize huyo aliye mgongoni kama amekufa." Anamwonyesha kwa kidevu mahali mota iliyoungua, aliyokuja nayo, ilipolala. "Ile chukua. Ina shaba ndani, na usinipunje."

Rabson anaipima bila ubishi, kisha anauliza kama farasi anabeba watu wazima. Anajibiwa kwa mguno.

Kutoka Nanyala, Enesi amepanga kwenda Saza, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako watoto ni wengi na nguzo za umeme anasema hazimhusu tena. Mjomba ameshasikia habari za mashine nyingine tatu za kahawa zinazoota kutu kwenye maghala ya majirani. Kwa hizo, msimu ujao wa kahawa Enesi anataka awe na bembea ya kuzunguka, ya watoto sita kwa mpigo.

Na mpini wa bembea hiyo ataushika nani?

"Baba zao," anasema Enesi, akimpandisha mtoto mwingine. "Wanasimama hapa siku nzima mikono mifukoni. Mimi nitabaki na kuimba."